Mashimo Saba Yamebaki Mlimani

Mpendwa baba mdogo,

Shikamoo.

Naanza na hiyo kabla ya neno lingine lolote, kwa sababu mara ya mwisho tulipopishana kwenye kijia cha mlimani, wewe ukiwa na kiroba cha udongo mgongoni na mimi nikitoka kisimani, sikukuamkia. Wewe ulisogea pembeni ukanipisha. Mimi nikaangalia miguu yangu kama vile ndiyo kwanza naiona, nikapita. Ni mwaka na ushee sasa shikamoo hiyo imenikaa kooni, na tangu siku ile sijui kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikitoka nje narudi ndani. Limi, binti yangu mkubwa, ananiuliza, "Mama, unatafuta nini?" Namwambia natafuta mkasi, na mkasi ninao mkononi.

Najua ungekuwepo ungeitikia kwa ile sauti yako ya kujizeesha, "Marahabaaa, ng'wanawane," mwanangu, wakati umenizidi miaka minne tu na ng'ombe tulichunga pamoja. Wewe ni kitinda mimba wa babu, mimi ni mtoto wa kwanza wa kaka yako, basi ukajikuta baba wa mtu ambaye mlikuwa mnagombania naye viazi vya kuchoma. Nilikuamkia kwa kejeli miaka yote hiyo, lakini nilikuamkia kila siku. Hata siku tulizogombana nilikuwa nakuamkia kwanza, ndipo naendelea na ugomvi.

Barua hii nimeiandika wazi, na nieleze kwa nini. Simu yako haipatikani. Mmoja anasema amekuona Kakola, jirani na Bulyanhulu, mwingine anasema Katoro, na mwingine anaapa uko ndani ya duara moja, shimo la dhahabu, upande wa Geita, kule wachimbaji wadogo wanakoshuka kwa kamba. Sasa nimeipiga picha kurasa zote, nitazituma kwa kila mtu wa huku aliye na ndugu machimboni, na nakala nyingine nitaibandika kwenye mlango wa banda langu la kushonea. Ulihukumiwa mbele ya watu, kwa hiyo na mimi nitasema mbele ya watu. Atakayekuona namwomba akusomee, maana miwani yako uliiacha huku, iko kwenye droo ya cherehani.

Unakumbuka siku ile Kolandoto? Ulikuwa umerudi machimboni na kikohozi kisichoisha, bibi akanituma nikupeleke hospitali kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa unasema ni mafua. Daktari alisikiliza kifua chako mbele na nyuma, kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akasema, "Vumbi la kule limeshakutosha. Usirudi shimoni. Tembea, panda vilima kidogo kidogo, kifua kifunguke." Ulitoka pale umenuna kama mtoto aliyenyimwa. Tuliposhuka tu garini Tinde, ukasimama ukaniambia, "Kabula, miaka kumi na tano nashuka. Sijawahi kupanda kitu kwa kupenda mwenyewe."

Kesho yake, hata jogoo hajamaliza, ulikuwa unagonga mlango wangu.

Kile kilima chetu cha mawe nyuma ya kijiji, tunachokiita mlima kwa sababu hatuna kingine, siku ya kwanza kilikushinda. Ulisimama mara tatu, ukashika magoti, ukatukana kwa Kisukuma. Mimi nilikuja kukusindikiza tu, bibi alisema nisikuache uanguke huko ukiwa peke yako. Nikawa napanda naongea. Unanijua. Nilikuambia habari za wateja wangu wote, nani amenenepa anakataa vipimo, nani ameleta kitambaa cha gauni anataka gauni na suruali. Ukageuka, huna pumzi, ukanyoosha kidole kimoja. "Pumua kwanza. Maneno baadaye."

Ulilirudia hilo kila asubuhi mpaka nikalichukia. Lakini wiki ya tatu mimi ndiye niliyekuwa nakugongea mlango wewe. Sijui nini kilinipata. Mchana kutwa nimekaa nakanyaga pedali ya cherehani, miguu inakwenda, mimi siendi popote. Kule juu ya jiwe la mwisho, jua linachomoza upande wa Tinde na ng'ombe wanaanza kutoka mazizini, nilikuwa najisikia nimefika mahali. Nilikuwa sijawahi kuwa na kitu kisicho cha watoto wala cha wateja.

Kisha ukaleta habari ya mizigo. Ulisema wanaojiandaa kwa milima mikubwa wanafanya mazoezi na uzito mgongoni. Nikachukua viroba viwili vya unga, nikavishonea mikanda ya viti vya gari bovu, nikaweka sponji mabegani. Tukachota mchanga pale korongoni. Tunaupandisha, tunakaa dakika chache kupumua, tunaushusha, tunauweka nyuma ya banda. Kesho yake mchanga uleule. Bibi aliuliza kama daktari alikupima na kichwa pia.

Halafu ikaja Hanang. Ulisema kilima chetu kimeshatuzoea, sasa tunahitaji mlima usiotujua. Tukapanda basi, Nzega, Igunga, Singida, mpaka Katesh, tukalala nyumba ya wageni yenye baridi, nikajifunga kanga zote nilizobeba. Alfajiri alitungoja mwongozaji, Bura, mtu mzima wa maneno machache, mwenye fimbo na koti lenye viraka. Kwa jicho langu la fundi nikaona viraka vile vimeshonwa na mtu mwenye haraka.

Mlima ule ulinitesa. Tulipita msituni, matope, mizizi, tukatokea kwenye mgongo mtupu wa mlima, na kuanzia hapo kila tulipofika juu, juu kukahamia mbele. Nilihesabu vilele vinne ambavyo havikuwa kilele. Cha tano nikaketi chini nikasema mlima huu ni muongo, siendi tena. Ukanyoosha kidole chako. Nilitaka kukupiga na chupa ya maji.

Lakini tulifika. Upande mmoja mlima umebomokea ndani, ukuta wa mawe unashuka mpaka jicho linakataa, na upande mwingine tambarare yote imelala na lile ziwa la magadi linang'aa chini kabisa. Upepo ulikuwa unapiga mpaka masikio yanauma. Wewe ulilia. Nasema wazi ili wote wanaosoma wajue, Maduhu, mchimbaji wa miaka kumi na tano, alikaa juu ya jiwe akalia na kamasi zikamtoka. Ukasema, "Kumbe kuna upande huu." Nilijua una maana gani, na mimi nikalia.

Hapo ndipo ulipofungua chupa yako, ikiwa bado na maji nusu, ukaimwaga yote chini.

Bura aliruka. "Unafanya nini wewe?"

"Tumefika," ukasema.

Ukatueleza, kwa fahari kabisa, desturi ya duara lenu. Mtu akitoka shimoni salama, maji aliyobakiza anayamwaga pale mdomoni mwa shimo. Harudi nayo nyumbani, ni mwiko, ni kama kujiitia tena balaa. Miaka yote hiyo ukifika juu umemaliza kazi, umefika kwa watu, kuna ugali na kuna jua. Mkono wako ulimwaga wenyewe kabla kichwa hakijauliza. Bura alikutazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, hapa umefika nusu. Nyumbani ni kule chini, na njiani hakuna maji."

Tulishuka na chupa yangu moja, tukigawana kwa kifuniko. Magoti yangu yalikataa kazi, wewe ulimi ulikauka ukashindwa hata kunitania. Kuna mahali ulishuka kwa makalio, suruali ikachanika nyuma, nikaibana kwa pini zangu huku Bura ameangalia pembeni kwa adabu. Tulipoyaona mabati ya Katesh jua lilikuwa linazama, na tulicheka kwa uchovu mpaka watu wa barabarani wakatuogopa. Tangu siku hiyo ikawa msemo wetu. Nikimaliza kushona mkono mmoja wa gauni unanichungulia dirishani, "Umefika nusu." Ukimaliza sahani ya kwanza ya ugali nakuambia, "Umefika nusu, mzee."

Ukasema kinachofuata ni Kilimanjaro. Daktari wa Kolandoto alipokusikia alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakusikiliza kifua, akaacha kucheka. Alisema kimefunguka kuliko alivyotegemea, uendelee na mazoezi, urudi akupime tena kabla hujaamua. Uliruka barabarani kama mwanafunzi aliyefaulu. Tukaongeza mchanga.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimefika kwenye jambo ambalo nilidhani hulijui.

Kwingine watu wangewaona watu wazima wawili wanapandisha mchanga mlimani na kuushusha, wangesema ni wendawazimu, wangeachana nao. Huku kwetu hakuna anayeamini kwamba mtu anabeba mchanga bure. Wewe ni mchimbaji wa zamani, unatoka alfajiri, unarudi na kiroba kizito, unakificha nyuma ya banda la mwanao. Watu waliuliza. Tuliwajibu ni mazoezi. Wakaitikia "aha" ile ndefu, halafu wakaangaliana.

Siku moja Mama Shija, jirani yetu, alikuja kujaribu gauni lake la kipaimara cha mwanawe. Nilikuwa nampunguza kiunoni, nimepiga magoti, pini zimejaa mdomoni. Akauliza kwa mara ya kumi, "Mama Limi, niambie ukweli. Mnabeba nini na baba yako mdogo?" Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Nikasema, "Dhahabu, mama. Unadhani tunaota jua?"

Baba mdogo, nilikuwa natania. Nakuapia. Ila mtu mwenye pini mdomoni hawezi kucheka, akicheka atazimeza. Utani wangu ulitoka mkavu, umefungwa midomo, na Mama Shija aliondoka na gauni lisilo na pindo.

Siku ya tatu walikuja wawili na sululu. Wiki ile ile walikuwa ishirini. Baada ya hapo nani angehesabu, ikawa rashi kamili, watu wanamiminika kufuata dhahabu, makarai, kamba, vijiwe vya chai, mtu wa kutoka Geita na mashine ya kupima inayolia kila ikipita juu ya kizibo cha soda. Wewe ulipanda kuwaambia, "Jamani, humu hamna kitu, sisi tulikuwa tunafanya mazoezi." Kadiri ulivyokataa ndivyo walivyozidi kuamini. Walikipokonya kiroba chako, wakauosha mchanga wote kwenye beseni, hawakuona hata chembe, wakasema umebadilisha kiroba. Jioni ulinisimulia hayo unacheka mpaka unakohoa. Ukauliza, "Lakini nani amewatia watu hawa wazimu?" Nikasema, "Watu tu." Nikaendelea kushona.

Na niseme lote. Wale wachimbaji waliniletea suruali za kutia viraka, wengi. Cherehani yangu haikulala wiki zile. Ningeweza kusimama siku yoyote nikasema ni mimi, nilitania, nendeni nyumbani. Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Nikiangalia foleni ya suruali nasema kesho.

Kisha ng'ombe wa Mzee Nkwabi akatumbukia. Yule dume mwekundu, wa mahari ya mwanawe. Mguu ulivunjika mara mbili, wakamchinjia pale pale shimoni, na Mzee Nkwabi alikaa juu ya udongo akiwa ameshika kichwa. Wachimbaji walikuwa wameshaanza kuondoka maana hawakupata kitu. Mlima wetu ukabaki na mashimo arobaini na moja. Nimeyahesabu mara nyingi kuliko watoto wangu.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitisha mkutano. Mtemi wao aliuliza swali moja tu, "Nani alianza kusema kuna dhahabu?" Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, mikono imeshikana, mguu wangu wa kulia unakanyaga pedali ambayo haipo. Mama Shija alinitazama. Nikaona midomo yake inafunguka. Na wewe ukasimama, ukavua kofia.

"Ni mimi niliyesema."

Watu waliguna. Mimi nilipata pumzi, baba mdogo. Hilo ndilo jambo la aibu kuliko yote. Kabla ya kukuonea huruma nilipata pumzi. Nilijidanganya kwamba labda na wewe ulimtania mtu mahali fulani, kwamba labda kweli ni wewe. Wakakuhukumu uyafukie mashimo yote peke yako, na mpaka utakapomaliza utengwe, usisalimiwe, usipewe moto wala chumvi, na atakayekusaidia au kukuamkia aungane nawe katika adhabu. Nikarudi nyumbani nikapika.

Ulifukia. Kila alfajiri nilisikia hatua zako zikipita nyuma ya banda, hazisimami. Ulitumia kile kiroba nilichokushonea mimi, mikanda ileile. Miezi mitatu mtu mzima anapita kijijini hakuna wa kumwambia habari za asubuhi. Watoto walikuwa wanaitwa ndani ukipita. Kisha siku ile kwenye kijia, mimi na ndoo yangu. Juma lililofuata hatua hazikupita. Ulikuwa umefukia mashimo ishirini na mawili ukaondoka, na mkutano ukasema usikanyage tena hapa mpaka hesabu itimie. Na ulikwenda wapi? Ukarudi kulekule alikokukataza daktari. Nilipolisikia hilo nilikaa na kitambaa cha mteja mapajani nikakikata vibaya.

Sikupanda mlima miezi mingi. Halafu nikaanza tena, peke yangu, mikono mitupu. Nilikuwa napanda kwa hasira, nashuka kwa hasira, naongea njia nzima na hakuna wa kuninyooshea kidole. Nilijiambia nafanya mazoezi ya Kilimanjaro, nitakwenda hata bila wewe, nitakupigia picha kileleni. Uongo mtupu. Nilikuwa nakimbia banda langu.

Mwezi wa tatu uliopita Mama Shija aliugua, nikaenda kumwona. Tulikuwa wawili tu chumbani. Akanishika mkono, akasema, "Mama Limi, mimi nilimwambia baba yako mdogo."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ni wewe uliyesema dhahabu. Nilimwambia siku moja kabla ya mkutano. Nilitaka akushauri uende mwenyewe kwa mtemi. Akaniambia, 'Nyamaza, mama. Yule ana watoto, baba yao alishahama. Na kazi yake ni ya watu. Fundi akitengwa, nani atamletea nguo? Mimi kifua changu nimeshazoea kubeba.'"

Nilitoka nje nikasimama uani kwake sijui kwa muda gani. Mama Shija alifikiri nimeondoka.

Kumbe ulijua. Uliposimama mbele ya mkutano ulijua. Uliponipisha kwenye kijia ulijua. Nami nikaangalia miguu yangu.

Basi nilikwenda kwa mtemi asubuhi yake. Nilipumua kwanza, baba mdogo, nilisimama mlangoni pake nikapumua mpaka mkewe akauliza kama naumwa. Kisha nikasema yote, pini, gauni, suruali za viraka, kunyamaza kwangu. Aliitisha watu, nikarudia mbele yao, na sauti haikunitoka vizuri lakini ilitoka. Mzee Nkwabi aliinuka akaondoka kabla sijamaliza. Wamekufutia wewe adhabu yote. Mtemi alilitamka jina lako mara tatu, akasema Maduhu yuko huru, arudi kwake wakati wowote, na watu wakaitikia. Mashimo kumi na tisa yaliyobaki wamenipa mimi, na kutengwa nimepewa mimi.

Ulichomwambia Mama Shija kimetimia kama ulivyosema. Hakuna anayeleta nguo. Cherehani nimeifunika na shuka. Chumvi Limi ananunulia Tinde, watoto hawakuwekwa katika adhabu, nashukuru kwa hilo. Nikipita, wanawake niliowashonea gauni za harusi wanageukia ukutani. Sikujua kimya kinaweza kuuma mwilini namna hii, kwenye mbavu kabisa, na wewe ulikibeba miezi mitatu kwa kosa lisilo lako huku ukimsikia mwanao anacheka na wateja dirishani. Nisamehe. Ninalisema hapa jinsi lilivyo, sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Alfajiri napanda. Nachota udongo chini, najaza kiroba, nafika juu namimina shimoni, nashuka na kiroba kitupu. Zamani tulikuwa tunaupandisha na kuushusha mchanga uleule, na sasa naona ajabu kushuka mgongo mwepesi, hatua zinanikimbia mpaka najizuia kwa visigino. Miguu yangu imekuwa migumu. Nikifika juu jua linachomoza kulekule, ng'ombe wanatoka, na lile dume jekundu halimo. Nikikaa dakika tano hamu ya kusimama inaniwasha, nasimama, nashuka kujaza kingine.

Yamebaki saba. Ningeyamaliza wiki hii kwa jinsi ninavyokwenda. Lakini nimesikia kutoka kwa mtu wa Katoro kwamba unakohoa tena, kwamba usiku huko kambini wanakuita "mzee wa kukohoa", na ndiyo maana nimeacha kiroba leo nikashika kalamu. Kilimanjaro naomba tukiache kwanza. Utakwenda Kolandoto, nitakusindikiza, yule daktari atakusikiliza mbele na nyuma, na akisema hapana itakuwa hapana, tutapanda hiki kilima chetu mpaka tuzeeke. Mimi ninachokuomba ni kimoja. Toka shimoni. Leo, usingoje mwisho wa wiki wala mwamba unaofuata. Na ukifika mdomoni mwa duara usimwage maji yako, baba mdogo. Bura alitueleza sote wawili. Hapo utakuwa umefika nusu. Yabebe, ni njia ndefu mpaka huku.

Ukifika utanikuta mlimani. Usinisaidie kubeba, adhabu ni yangu na nataka niimalize mimi. Simama tu chini pale kwenye kijia, mahali tulipopishana, nikuone. Nitatua kiroba. Nitakuamkia mbele ya kijiji kizima, kwa sauti, bila kejeli. Kisha nitanyamaza, nipumue, ningoje uitikie.

Mwanao,
Kabula